PIN Umeificha, na Kompyuta ya Nyumbani Je?

Kama kuna somo moja ambalo Wakenya tumehitimu kuhusu pesa za simu, ni hili: usimpe mtu PIN yako. Tumeambiwa kwa SMS, tukaambiwa kwa redio, tukaambiwa kwa mabango yaliyobandikwa ukutani kwa kila ajenti. Na somo limeingia. Mwangalie mama wa mitumba pale Gikomba akitaka kutuma pesa: anageukia ukuta, anabana simu karibu na kifua na kubonyeza polepole kama mtu anayeficha karata zake. Hapo hatuna la kuongeza.

Shida iko kwingine. Sisi tunaoandika kurasa hizi za wateja tunaona kwamba PIN imepewa askari wote, na kitu kingine kinachojua habari zako kuliko hiyo PIN kimeachwa mezani sebuleni, kimefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, basi. Kitu hicho ni kompyuta ya nyumbani.

Utasema, sasa kompyuta na pesa za simu zinahusiana wapi? Simu ni simu, kompyuta ni ya watoto kufanyia kazi ya shule. Tunakuelewa. Lakini tuliza boli kidogo.

Chukua nyumba ya kawaida hapa Shauri Moyo. Mtaa umezungukwa na biashara: soko la Burma, mafundi wa jua kali wa Kamukunji, na Gikomba unaifikia kwa miguu. Katika nyumba hiyo kuna kompyuta moja, mara nyingi eks-UK, iliyonunuliwa tauni baada ya kujibana miezi kadhaa. Kijana wa chuo aliitumia kuomba HELB. Dada yake aliitumia kujaza ritani za KRA. Mzee alisajiliwa SHA kupitia hapo. Na mama, ambaye ni mweka hazina wa chama, ana faili moja ya hesabu pale kwa deskitopu: majina ya wanachama wote, nambari za kitambulisho, nambari za simu, na kila mmoja ametoa ngapi tangu Januari. Karibu na faili hiyo kuna picha za vitambulisho, mbele na nyuma, zilizoskaniwa siku chama kilipokuwa kikifungua akaunti.

Kompyuta hiyo haina pasiwadi. Ilikuwa nayo, lakini watoto walichoka kuandika.

Sasa ongeza vivinjari. Chrome ilipouliza kama ihifadhi pasiwadi, kila mtu alibonyeza ndiyo. Barua pepe ya mama iko wazi tangu mwaka juzi. WhatsApp ya kijana imeunganishwa, maana WhatsApp inakubali hadi vifaa vinne zaidi ya simu yako, na ukishaunganisha, kompyuta inaendelea kusoma hata kama simu imezimwa. Na kuna jambo ambalo wateja wengi hawalijui kabisa: simu nyingi za Android zinaweza kuunganishwa na kompyuta ili SMS zako zote zionekane kwa skrini. Unaskani alama mara moja tu kwa simu, na kuanzia hapo kila meseji inayoingia kwenye simu inaonekana kule pia. Ule msimbo wa tarakimu sita unaodhani umekuja kwa mkono wako peke yako unasomeka sebuleni. Meseji ya kuthibitisha kwamba umepokea pesa, pamoja na jina la aliyetuma, saa na salio lako, nayo iko pale.

Tuseme wazi tunachoamini, kwa sababu hapa ndipo tunatofautiana na mawaidha ya kawaida. PIN huwa haiibiwi. PIN huombwa, na mwenyewe huitoa. Mkora hana mashine ya kusoma kichwa chako. Ana simu na ana maneno. Na maneno yake yana nguvu kulingana na anachokijua tayari. Miaka ya nyuma mkora alikuwa anapiga simu kama mtu anayerusha wavu gizani: "Umeshinda promosheni!" Ulikata simu ukacheka. Lakini fikiria simu ya aina hii, saa nne asubuhi, sauti ya mtu mpole, kelele za ofisi nyuma yake:

"Mama, shikamoo. Naongea na mama mwenye kitambulisho kinachoishia na 41? Asante mama. Jana jioni umepokea elfu nane kutoka kwa mwanachama wako, sivyo? Hiyo pesa imegonga mtambo, tunaogopa itarudishwa. Usijali mama, tutaisuluhisha pamoja hapa hapa."

Huyo si mtu wa kucheka tena. Amekutajia kitambulisho, kiasi, siku na hata chama. Unaanza kufikiri ni mtu wa ofisi kweli, kwa sababu nani mwingine angejua? Jibu ni kwamba mtu yeyote aliyekaa dakika kumi mbele ya ile kompyuta angejua. Kwa hivyo ukiuliza sisi, kulinda data yako na kulinda PIN yako ni kazi moja. Zile habari ndogo ndogo ndizo ufunguo wa kukufungua mdomo.

Na si lazima mkora aingie kwa nyumba. Njia ya kwanza ni fundi. Hatusemi mafundi ni wezi, wengi ni watu wa maana na bila wao nusu ya kompyuta za Eastlands zingekuwa viti. Lakini angalia tunavyopeleka mashine kwa fundi: tunaibeba na kila kitu ndani, tunaandika pasiwadi kwa karatasi tunaigundisha juu kwa selotepu, tunaondoka, "nitakuja kesho kutwa, bro." Mashine inalala kwa meza ambayo watu kumi hupitia. Gari ukipeleka gereji huachi bahasha ya pesa kwa dashibodi. Basi kabla ya kupeleka kompyuta, hamisha faili za maana kwa flashi au diski ya nje, ubaki nayo nyumbani. Toka kwa barua pepe. Kama haiwaki kabisa na huwezi kutoa kitu, mwambie fundi atoe diski mbele yako, uende nayo, arekebishe mashine bila hiyo. Kama kilichoharibika ni pawa, skrini au kibodi, diski ya nini? Fundi mzuri hatakasirika. Akikasirika umejua kitu.

Njia ya pili ni kuuza. Hapa tunaona watu wazima wakidanganyika na kile kikapu cha takataka kilicho kwa skrini. Ukifuta faili, kompyuta haichomi kitu. Inaandika tu kwamba nafasi ile iko huru, na maneno yenyewe yanakaa pale pale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Hata ile fomati ya haraka ni hivyo hivyo. Kuna programu za bure zinazorudisha vitu hivyo, na mtoto wa sekondari anaweza kuzitumia. Windows 10 na 11 zina sehemu ya kurudisha kompyuta kama mpya, na ndani yake kuna chaguo la kusafisha diski kabisa. Inachukua saa nyingi, mashine nzee inaweza kukesha, lakini chagua hiyo. Kama kompyuta imekufa na unaiuza kama vipuri, uza bila diski. Bei itashuka kidogo, acha ishuke.

Na pasiwadi ya kuingilia pekee, tusidanganyane, haitoshi mashine ikiibiwa. Mwizi akitoa diski akaichomeka kwa kompyuta nyingine, faili zinafunguka kama mlango usio na komeo. Dawa ni usimbaji, yaani diski nzima iandikwe kwa namna ambayo bila ufunguo haisomeki. Baadhi ya laptopu mpya huja na kitu hicho, ni kukiwasha tu. Kwa mashine za zamani ambazo hazina, angalau faili ya chama iwekewe pasiwadi yake yenyewe. Excel inaweza. Dakika mbili.

Sasa tuingie kwa jambo ambalo tunaona limenyamaziwa sana mtaani, nalo ni Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 apdeti za kawaida za usalama. Kompyuta yako haikuzimika siku hiyo, ndiyo maana hukuona tofauti. Lakini kuanzia hapo, tundu jipya likigunduliwa halizibwi, labda uwe umejiandikisha kwa mpango wao wa kuongezewa apdeti za usalama hadi Oktoba 2026. Na zile eks-UK zetu nyingi haziwezi kupanda Windows 11, kwa sababu inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Zilizojaa tauni kwa bei ya mwananchi ni za vizazi vilivyotangulia.

Kama unadhani apdeti ni mambo ya wazungu wa ofisini, kumbuka Mei 2017. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikafunga faili za watu na kudai malipo ndipo zifunguliwe. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kinachouma ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa apdeti ya kuziba tundu hilo mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni waliokuwa hawajaiweka.

Mtaani kwetu apdeti zina adui mwingine: Windows ya kupachikwa. Unanunua mashine, fundi anakuwekea Windows isiyolipiwa, anaiwasha kwa kile kiprogramu kidogo cha kudanganya leseni, na ili kiprogramu hicho kifanye kazi anazima antivairasi kwanza. Simama hapo. Mtu asiyejulikana, kutoka mtandao usiojulikana, ameandika kitu kinachotaka ulinzi uzimwe ndipo kiingie, nasi tunakipa ruhusa kwa sababu ni cha bure. Baadhi ya viprogramu hivyo hubeba vitu vya kunasa kila unachobonyeza kwa kibodi. Tunajua leseni ni ghali, hatutaki kumhubiria mtu aliyejinyima kununua mashine. Lakini kuna njia ya tatu isiyozungumziwa vya kutosha: Linux. Ubuntu na Linux Mint ni za bure kabisa kwa halali, zinapata apdeti, na zinakimbia vizuri kwa mashine nzee. Kwa nyumba inayotumia kompyuta kwa intaneti, kuandika na hesabu, watoto watazoea kwa wiki moja. Mzee huenda akalalamika mwezi mzima.

Tukitoka nje ya nyumba kidogo, data yenu inatupwa pia kwa mlango wa mbele. Ingia jengo lolote tauni, askari wa geti anakusukumia daftari: jina, nambari ya kitambulisho, simu, unaenda kwa nani. Waliokutangulia wote wako hapo juu, unaweza kuwasoma ukingoja kalamu. Saiba nako, unaenda kupiga chapa kitambulisho, unakituma kwa barua pepe ya duka, inabaki katika folda ya vilivyopakuliwa pamoja na vya wateja wengine mia. Muulize kijana wa saiba kwa heshima, "Brathe, nifutie hiyo faili nikiwa hapa." Hutakuwa umemkosea.

Watu hutuuliza, nambari ya kitambulisho peke yake itafanya nini? Juni 2021 Wakenya wengi walipata jibu bila kulitafuta. Walipoingia eCitizen kuangalia, walijikuta ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Kuna mtu mahali alikuwa na orodha ya majina na nambari zao, na ikatosha. Miaka miwili baadaye, katikati ya 2023, umati ulipanga foleni KICC kuskaniwa macho na Worldcoin ili wapate sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data za miili zilizokusanywa zifutwe. Hatumcheki aliyesimama kwa foleni ile. Kodi ni kodi, na elfu saba ni elfu saba. Ila pasiwadi unaweza kubadilisha, na jicho je?

Babu zetu wa Eastlands walilielewa hili kabla ya kompyuta. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande: alama za vidole, jina la mwajiri, historia yake ya kazi, vyote ndani ya kikebe cha chuma alichovaa shingoni. Kupinga kipande ni miongoni mwa mambo yaliyomfanya Harry Thuku kukamatwa Machi 1922. Kilichowauma si karatasi. Ni kwamba mtu mwingine alishika habari zao na kuzitumia dhidi yao. Inashangaza kidogo kuona wajukuu tukituma picha ya kitambulisho kwa kila anayeomba WhatsApp.

Tofauti ni kwamba leo kuna sheria. Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inakupa haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kufanya kazi tarehe 25 Novemba mwaka huo, inasema anayekusanya habari zako akuambie ni za nini, asikusanye kuliko anavyohitaji, na ukitaka akuonyeshe alicho nacho au akirekebishe. Kamishna wa Data ana ofisi na anapokea malalamiko, na sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Si maneno matupu. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitoza faini tatu kwa mpigo: kampuni inayoendesha apu za mkopo ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia nambari za watu ilizozipata kwingine na kuwatumia meseji za vitisho, klabu moja ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kama umewahi kupigiwa simu ati rafiki yako hajalipa mkopo na wewe hata hukuwa mdhamini, ujue hilo ni kosa na lina mahali pa kupelekwa.

Na tuseme jambo ambalo huenda wenzetu wa biashara hii wasilipende. Kampuni za malipo haziwezi kumwachia mteja kazi yote halafu pesa zikipotea zimwambie "ulikuwa mzembe". Mama wa chama hakuunda mfumo ambamo nambari ya kitambulisho inatumika kama neno la siri, ilhali imeandikwa katika kila daftari la geti. Kampuni ndizo zilizoamua kuuliza nambari hiyo na mwaka wa kuzaliwa kama uthibitisho kwamba wewe ni wewe. Huo ni uthibitisho mwepesi, na sekta nzima inapaswa kuuacha. Ajenti naye hahitaji kubaki na daftari lililo wazi juu ya kaunta, mteja wa pili akisoma habari za wa kwanza. Mkiona hivyo kwa ajenti yeyote, wetu au wa mwingine, tuambieni.

Turudi nyumbani, maana kuna adui ambaye hajali pasiwadi yako: stima. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani, na aliyechora nyumba zile hakuwa akifikiria kompyuta, friji, tivi na chaja nne katika soketi moja. Waya za nyumba nyingi zimeungwaungwa miaka yote hiyo. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilikuwa gizani usiku, hadi uwanja wa ndege. Lakini fundi yeyote atakuambia kwamba giza haliui kompyuta. Kinachoiua ni stima inaporudi kwa kishindo. Zikipotea, chomoa kabisa, usizime tu swichi. Ngoja zitulie dakika chache ndipo uchomeke. Kile kikinga cha kuchomeka ambacho watu huita friji gadi kinagharimu kidogo sana ukilinganisha na pawa na ubao wa kompyuta. Na ekstensheni za bei ya chini kabisa, zile zinazopata moto ukizishika, ziache dukani. Hiyo si kompyuta tena, hiyo ni nyumba.

Moto si hadithi kwa watu wa upande huu. Gikomba imeungua mara nyingi tusitake kuhesabu, na ule wa Juni 2018 uliua watu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwakuta walio kando ya Mto Nairobi wakiwa wamelala. Mtu akitoka mbio usiku anabeba mtoto, si kompyuta, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Basi nakala ya vitu vya maana isikae nyumba moja na vitu vyenyewe. Weka diski ndogo kwa nyumba ya dada yako Buruburu, umeiwekea pasiwadi, uibadilishe mkienda kumsalimia. Au tumia hifadhi ya mtandaoni. Bandali zinakula pesa, ni kweli, lakini picha za cheti cha kuzaliwa, hati za shamba na faili ya chama ni vitu vidogo. Sinema hazihitaji nakala.

Kwa akina mama na akina baba ambao watoto ndio wanaojua mashine, msione haya kuwauliza. Mwite jioni: "Kijana wangu, hebu nionyeshe simu yangu imeunganishwa wapi." Kwa WhatsApp ataingia mipangilio, vifaa vilivyounganishwa, na mtaona orodha. Chochote msichokitambua, toeni. Mfanye hivyo hivyo kwa apu ya SMS na kwa akaunti ya Google, ambayo pia huorodhesha kila simu na kompyuta iliyoingia. Msishangae mkikuta kompyuta ya saiba ya mwaka jana bado iko ndani. Kisha kila mtu wa nyumba apewe akaunti yake kwenye kompyuta, pasiwadi yake, na faili ya chama ikae upande wa mama tu. Watoto watanung'unika kuandika pasiwadi. Wanaandika meseji mia tatu kwa siku, watazoea.

Na kama mashine imeshaibiwa? Tuseme mmerudi kutoka kanisani mkakuta dirisha limekunjwa na meza iko tupu. Watu wengi hukimbia kwanza kutafuta nani aliona. Tungeomba mkimbilie simu. Chukua simu ya mtu unayemwamini, au yako mwenyewe kama unayo, ubadilishe pasiwadi ya barua pepe kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu barua pepe ndiyo inayofungua vingine vyote. Toa ile kompyuta kwa orodha ya WhatsApp na ya SMS. Halafu tupigie huduma kwa wateja kwa nambari iliyo kwenye apu au kwenye kadi yako, si ile utakayoipata kwa Facebook, ueleze kilichotokea ili akaunti iangaliwe. Sisi hatutakuuliza PIN wala msimbo wowote uliotumwa kwa SMS. Waambie wanachama wa chama siku hiyo hiyo, hata kama ni aibu, kwamba yeyote atakayewapigia akijua michango yao si mtu wa chama. Kisha nenda kituo cha polisi, uandikishe kwa OB na uchukue abstrakti, utaihitaji. Pale wataka nambari ya mashine, ile iliyoandikwa kwa stika chini ya laptopu au nyuma ya deskitopu. Kwa hivyo leo, kabla ya kulala, ipindue, uinakili kwa karatasi, na uiweke pale unapoweka vyeti vya watoto.